UCHAMBUZI: Njia ndefu ya kuwa mwalimu wa Masomo ya Jamii Tarasaa

KILA bendera inapopandishwa shuleni, watoto wa nchi hii huimba wimbo wa taifa ambao sauti yake ilitoka katika wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo, watu wa kingo za Mto Tana. Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki iliyopewa kazi ya kuutayarisha iliichukua sauti hiyo kutoka kwa mzee mmoja wa jamii hiyo, Meza Morowa Galana, na nchi ikapata wimbo wake.

Kwa mkazi wa Tarasaa, mji mdogo wa eneobunge la Garsen ulio karibu na Ngao, hadithi hiyo si ya mbali. Ni ya nyumbani. Lakini ni nani anayepaswa kuisimulia darasani, na sharti apitie mlango gani kabla ya kukabidhiwa chaki?

Swali hilo huonekana dogo katika mijadala ya elimu, ambayo siku hizi imetawaliwa na sayansi, hisabati na kompyuta. Katika delta ya Tana si dogo hata kidogo. Hapo ndipo somo ambalo wengi huliona la kukariri tarehe na majina ya mito linapogusa uhai wa watu.

Kwanza tuitazame sheria. Kifungu cha 237 cha Katiba ya mwaka 2010 kiliipa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, kazi ya kusajili walimu, kuwaajiri na kuwapeleka shuleni. Sheria ya TSC ya mwaka 2012 inakataza mtu kufundisha bila ya kusajiliwa. Kwa mwalimu wa shule ya upili, masharti yamekuwa alama ya wastani ya C+ katika mtihani wa KCSE, alama isiyopungua C+ katika masomo mawili atakayofundisha, kisha Shahada ya Elimu.

Aliyesomea shahada nyingine, kwa mfano Shahada ya Sanaa, hajafungiwa mlango. Hurudi chuoni kusomea Stashahada ya Uzamili katika Elimu, ambayo kwa kawaida huchukua kama mwaka mmoja. Humo hufundishwa saikolojia ya mwanafunzi, falsafa ya elimu, mbinu za kufundisha na namna ya kutahini, halafu hupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Akifuzu, huomba nambari ya usajili ya TSC.

Mpango huu si wa Kenya pekee. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na stashahada ya namna hiyo kwa miaka mingi, na nchini Marekani majimbo mengi humruhusu mhitimu wa historia au jiografia kuupata ualimu kupitia shahada ya uzamili ya kufundisha. Wazo lake ni la busara: kujua somo ni jambo moja, na kulifundisha ni jambo jingine.

Mtego umo katika yale masomo mawili. TSC humsajili mwalimu kwa masomo yanayofundishwa shuleni, kama vile Historia, Jiografia, Dini ya Kikristo, Dini ya Kiislamu au Kiswahili. Haimsajili kwa sosholojia, kwa sayansi ya siasa wala kwa anthropolojia, ijapokuwa hayo ndiyo masomo yanayochunguza jamii kwa undani zaidi. Mhitimu wa shahada ya sosholojia ambaye hakuchukua kozi za kutosha za Historia na Jiografia chuoni anaweza kugundua akiwa ameshavaa joho kwamba hata hiyo stashahada haitamsaidia.

Kijana aliyesoma katika shule kubwa ya Nairobi au Mombasa huambiwa mapema na walimu wake kuhusu mtego huu. Aliyesoma katika shule ya mashambani, ambako mwalimu mmoja ndiye mshauri wa taaluma, mkuu wa michezo na msimamizi wa maktaba isiyo na vitabu, hujaza fomu za kuingia chuo kikuu akifuata jina la kozi lililompendeza. Kosa lililofanywa kwa dakika kumi hugharimu miaka minne.

Tuseme basi kuna binti wa Tarasaa ambaye hakunaswa. Amehitimu Shahada ya Sanaa katika Historia na Jiografia na anataka kufundisha kwao. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati yake ya kujitegemea mwaka 2013, kiko Kilifi. Chuo Kikuu cha Kenyatta, kitovu cha mafunzo ya ualimu tangu kambi ya jeshi ya Kahawa ilipogeuzwa chuo mwaka 1965, kiko nje kidogo ya Nairobi. Kutoka Garsen hadi Malindi pekee ni zaidi ya kilomita 100, na msafiri bado hajafika Kilifi.

Mkopo wa serikali uliomsomesha shahada ya kwanza unadaiwa. Mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu ulioanza mwaka 2023 uliwalenga wanafunzi wa shahada ya kwanza, hivyo anayerudi kusomea ualimu baada ya shahada huutegemea zaidi mfuko wake mwenyewe au wa wazazi. Mzazi wa delta naye hutegemea mpunga, maembe, samaki au ng'ombe, na vyote vinne hutegemea mto.

Mto huo haumwonei mtu huruma. Mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 2023, na zile za Aprili na Mei 2024, zilizamisha vijiji na mashamba katika kaunti ya Tana River. Wizara ya Elimu ililazimika mwaka huo wa 2024 kuahirisha ufunguzi wa shule kote nchini mara mbili. Familia iliyopoteza mavuno na kuhamia kwenye mwinuko haianzi kwa kufikiria karo ya stashahada.

Binti wetu akivuka hayo yote na kupata nambari ya TSC, huingia katika foleni. Walimu waliosajiliwa na ambao hawajaajiriwa na serikali wamekuwa zaidi ya 300,000. Miongozo ya kuajiri walimu wa shule za upili imekuwa ikitoa alama kwa kiwango cha ufaulu na pia kwa idadi ya miaka tangu mwombaji alipohitimu ualimu. Aliyepitia njia ya Shahada ya Elimu huanza kuhesabiwa mapema. Yule aliyepitia mlango wa pili huanza kuhesabiwa akiwa amechelewa.

Mbaya zaidi, amesomea masomo ambayo serikali haiyapi kipaumbele. Tangu mwaka 1998, kwa msaada wa Japani, nchi hii imekuwa na mpango mahsusi wa kuwaimarisha walimu wa hisabati na sayansi, na ukazaa taasisi ya kudumu. Walimu wa Historia na Jiografia hawakupata mpango wa ukubwa huo. Chini ya mtaala mpya, serikali ilijiwekea lengo la kuwaelekeza asilimia 60 ya wanafunzi wa shule za upili za juu kwenye sayansi na teknolojia, asilimia 25 kwenye sayansi za jamii, na asilimia 15 kwenye sanaa na michezo.

Sina ugomvi na sayansi. Taifa linahitaji wahandisi, na Tana River inawahitaji kuliko wengi. Ila napinga dhana inayofuata mkondo wa takwimu hizo, kwamba Masomo ya Jamii ni somo ambalo mtu yeyote aliye na muda anaweza kulishika.

Dhana hiyo ilijitokeza waziwazi sekondari ya msingi ilipoanza Januari 2023 kwa Gredi ya 7. Madarasa hayo yaliwekwa katika shule za msingi, na walimu waliotumwa walikuwa wachache kuliko masomo. Mwalimu aliyesomea Historia alijikuta akifundisha Sayansi, na aliyesomea Kemia akakabidhiwa Masomo ya Jamii kwa sababu ratiba ilikuwa na pengo. Wengi wao walikuwa vibarua wa mafunzo ya kazi waliolipwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wakiwa na vyeti kamili.

Mnamo Aprili 2024, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba kuwaajiri walimu waliohitimu na kusajiliwa kwa mtindo huo kulikiuka haki zao. Baada ya mgomo na mivutano mirefu, takriban 46,000 kati yao waliajiriwa kwa masharti ya kudumu kuanzia Januari 2025. Wengine wapya wakachukuliwa tena kama vibarua.

Pale ambapo TSC haijatuma mtu, bodi ya shule huajiri. Katika shule nyingi za kaunti kame mwalimu wa bodi ni kijana aliyemaliza kidato cha nne au chuo, anayelipwa kutokana na kile wazazi walichoweza kuchanga. Wengi wa vijana hawa wana moyo wa kazi. Hata hivyo, sheria haiwatambui, na mafunzo hawajapata.

Ni kwa nini jambo hili liwe zito Tarasaa kuliko, tuseme, Thika? Jibu lake limo katika mwaka 2012.

Usiku wa kuamkia Agosti 22 mwaka huo, kijiji cha Riketa katika delta hiyo kilivamiwa na takriban watu 50 wakauawa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Septemba ikaja na Chamwanamuma na Kilelengwani, ambako maafisa wa polisi pia waliuawa. Desemba ikawa zamu ya Kipao. Kufikia mapema mwaka 2013, zaidi ya watu 100 walikuwa wamepoteza maisha katika mfululizo wa mashambulizi na visasi kati ya Wapokomo, ambao wengi wao ni wakulima, na Waorma, ambao wengi wao ni wafugaji.

Sisi wa dawati la uhariri tuliziandika habari hizo kwa vichwa vifupi: mapigano ya kikabila, vita vya malisho. Nafasi ya ukurasa haikuruhusu zaidi. Nakiri kwamba maneno hayo yalikuwa mepesi kuliko mambo yenyewe.

Maana nyuma ya mapanga kulikuwa na somo zima la jiografia na historia. Kulikuwa na malka, yaani mapito ambayo mifugo hushukia mtoni kunywa maji, na mashamba yaliyoyaziba. Kulikuwa na mabwawa ya juu ya mto, kuanzia Kindaruma hadi Masinga lililokamilika mwaka 1981, yaliyobadilisha namna mto unavyofurika na kurutubisha ardhi ya chini. Kulikuwa na mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, iliyoundwa mwaka 1974, na mradi wake wa mpunga. Kulikuwa pia na mipango iliyotangazwa mwaka 2008 ya kugeuza maelfu ya hekta za delta kuwa mashamba ya miwa, ambayo wakazi waliipeleka mahakamani. Na Septemba iyo hiyo ya 2012, watu wakiwa wanazika, delta ya Tana iliorodheshwa rasmi kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Mtoto wa Tarasaa aliyekuwa Darasa la Tatu mwaka huo sasa ni mtu mzima. Kama hakuelezwa mambo haya shuleni, alielezwa nyumbani, na nyumbani kila upande una hesabu yake ya wafu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema suluhisho ni kumwajiri mwenyeji tu, awe na cheti au asiwe nacho. Hoja yao ina uzito. Mwenyeji anaijua lugha ya mtoto, hatishiki na jua la Garsen, na haombi uhamisho baada ya muhula mmoja. Tumeona pia hatari ya kutegemea wageni. Baada ya walimu kuuawa katika basi la Mandera mnamo Novemba 2014, na wengine huko Kamuthe, Garissa, mnamo Januari 2020, TSC iliwaondoa walimu wengi wasio wenyeji katika maeneo ya kaskazini mashariki, na shule zikabaki na madawati na watoto.

Lakini mwenyeji wa delta ni Mpokomo, au ni Muorma, au ni Mwardei, au ni wa jamii nyingine iliyohesabiwa katika upande fulani mwaka ule. Anaposimama mbele ya darasa lililochanganyika kufundisha mada ya amani na utatuzi wa migogoro, darasa linajua jina la ukoo wake kabla hajafungua kitabu. Nia njema haimtoshi. Anahitaji ustadi: namna ya kuweka masimulizi mawili yanayopingana mezani bila ya kuligeuza darasa kuwa baraza la kesi, namna ya kumfundisha mwanafunzi kuuliza chanzo cha habari, na namna ya kumsikiliza mtoto aliyefiwa bila ya kumlazimisha azungumze.

Ustadi huo hufunzwa. Ndio unaopaswa kuwa kiini cha ile stashahada ya uzamili ambayo wengi wanaiona kama karatasi ya kupitia langoni kwa TSC. Pale ambapo historia ni ya vitabuni, mwalimu asiyefunzwa huchosha darasa. Ambapo historia ina makaburi mapya, anaweza kuumiza watu.

Kwa sababu hiyo sikuwa mmoja wa walioshangilia mwaka 2018, Wizara ya Elimu ilipotangaza kushusha alama za kujiunga na vyuo vya ualimu kwa kaunti zilizoachwa nyuma. TSC iliupinga mpango huo, ikihofia ubora, na nadhani ilikuwa sahihi katika hofu yake. Ilichokosa ni jibu la upande wa pili: kama hutaki kushusha kizingiti, basi mjengee ngazi aliye chini. Ngazi hiyo haikujengwa.

Ngazi yenyewe haihitaji kuwa ya dhahabu. Mafunzo ya ualimu kwa wenye shahada yanaweza kufanywa nusu kwa mtandao na nusu chuoni wakati wa likizo, na mazoezi ya kufundisha yakafanyika katika shule za delta yenyewe. Hadi sasa mwanafunzi wa ualimu hupendelea shule iliyo kando ya barabara kuu, mahali ambapo mhadhiri wa kumkagua anaweza kufika na kurudi siku hiyo hiyo. Chuo kikipanga wakaguzi wakae Garsen kwa wiki moja, shule za Tarasaa, Ngao na Golbanti zitapata walimu wa mazoezi kwa muhula mzima bila ya serikali kulipa mshahara mmoja.

Tena mafunzo hayo yangekuwa na malighafi ambayo vyuo vya mbali havina. Karibu na hapo kuna Ngao, ambako wamisionari wa Kijerumani wa Neukirchen waliingia miaka ya 1880. Kuna Witu, iliyokuwa usultani chini ya ulinzi wa Wajerumani kuanzia 1885 hadi mkataba wa Julai 1890 ulipoukabidhi kwa Waingereza. Kuna Kipini na magofu ya Ungwana karibu na mlango wa mto, katika nchi inayohusishwa na shujaa Fumo Liyongo. Mwalimu anayefunzwa huko atajifunza kutumia jiwe, mzee na mto kama vitabu vya rejea.

Kikwazo kikubwa kimebaki kuwa karo, na hapa mambo yamezidi kuvurugika. Kaunti zimekuwa zikitoa basari kwa wanafunzi, lakini Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka ziache kufanya hivyo bila ya makubaliano na serikali kuu, kwa kuwa Katiba imeziachia kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Magavana walikwenda mahakamani. Kabla ya hapo, mnamo Septemba 2024, Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kwamba Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge, NG-CDF, inakiuka Katiba. Mifuko hiyo miwili ndiyo ambayo mzazi wa Garsen amezoea kuibishia hodi mtoto anapopata nafasi chuoni.

Hata pale basari ilipokuwapo, iligawanywa vipande vidogo ili kila mwombaji apate kitu. Kamati za basari humtazama kwanza mtoto wa kidato cha kwanza anayehitaji sare na godoro. Mtu mzima mwenye shahada anayeomba msaada ili akasomee ualimu huonekana kama aliyekula akashiba na sasa anaomba sahani ya pili.

Wakati huo huo, matukio hayajangoja. Septemba na Oktoba 2024 damu ilimwagika tena katika kaunti hiyo, safari hii upande wa Bura, baada ya mzozo kuhusu mahali pa kuwahamishia walioathiriwa na mafuriko. Serikali ilituma vikosi na kupiga marufuku ya kutembea usiku. Miongoni mwa familia zilizokimbia walikuwamo wanafunzi wa Gredi ya 7 na ya 8, ambao katika ratiba yao ya wiki wana vipindi vya Masomo ya Jamii, na ambao walirudi darasani mapigano yalipotulia, wakakaa na wenzao wa upande wa pili, wakamsubiri mwalimu.